Kadi ya kliniki imo kwenye sanduku la mama mkwe

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, ni mama wa watoto wawili, naishi mkoa wa Pwani nyumbani kwa mama mkwe wangu. Mume wangu ni dereva wa malori, anapiga safari za Tunduma mpaka Lubumbashi. Akirudi analala siku nne, tano, anaondoka tena. Kwa hiyo nyumba ni mimi, mama mkwe na watoto. Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mama. Nilipojifungua kwa upasuaji yeye ndiye aliyenipikia uji wa pilipili manga na kunifulia mpaka nepi za mtoto. Mama yangu mzazi alishafariki, huyu ndiye niliyebaki naye.

Tatizo lilianzia kwa mtoto wa kwanza, wa kiume, ambaye sasa ana miaka minne. Alipochomwa sindano ya surua ya miezi tisa, siku chache baadaye, kama siku ya tatu au ya nne, alichemka mwili usiku. Mama ndiye aliyekuwa amempakata. Ghafla macho yakageuka yakabaki meupe, mikono ikakakamaa, mapovu yakamtoka. Mimi nilipiga kelele tu. Mama hakupiga kelele, alimlaza ubavu akawa anamsomea dua mpaka ikatulia, tukapanda bodaboda usiku uleule mpaka kituo cha afya. Akalazwa siku mbili, akatundikiwa dripu, tukarudi na dawa mseto na panadol ya maji. Alipona. Mpaka leo hana shida yoyote, ni mtundu kupita kiasi.

Tangu hapo mama anasema ni sindano. Kwao wanajua toka zamani kwamba mtoto mwenye degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa, na huyu alinusurika kwa dua tu.

Sasa nina binti wa miezi kumi. Chanjo za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne amepata zote, mama hakusema neno. Alipotimiza miezi tisa nikaenda kliniki Jumatatu. Nesi akasema watoto ni wawili tu, hawezi kufungua chupa ya surua kwa watoto wawili, nirudi Jumatano. Nilipofika nyumbani mama akaniuliza iliyobaki ni sindano ya nini. Nikamwambia ya surua. Akanyamaza. Jumatano asubuhi natafuta kadi, haipo. Kumbe ameifungia kwenye sanduku lake la mbao, lile anamoweka sanda yake na hati ya shamba. Akaniambia, "Hiyo moja hapana. Nyingine sikukukataza."

Nimempigia mume wangu. Kasema nimsikilize mama, maana yeye yuko barabarani, na mtoto akipata degedege tena nani atamshika?

Huku nyuma surua imeingia mtaani. Watoto watatu wa nyumba ya pili wanaumwa, na mmoja anasoma madrasa moja na mwanangu. Mama anasema surua haitishi, yeye mwenyewe aliugua, akaugua na ndui, na vishimo vya ndui anavyo usoni mpaka leo, na yuko hai na miaka yake sabini na kitu. Kazaa tisa, wako sita, na wote surua waliipitia hapohapo nyumbani kwa uji na maji ya ukwaju. Anasema mtoto anayenyonya analindwa na ziwa la mama yake. Na mimi wakati mwingine naona ana hoja. Mtaani karibu wote wamechanja watoto wao, si hao watamkinga na wangu?

Rafiki yangu ananishauri nimpeleke kwa siri, niseme kadi imepotea, watanipa nyingine. Usingizi sipati. Nikienda, mtoto akapata degedege, nitamwambia nini mama? Nisipoenda akapata surua, nitajiambia nini mimi?

Mama wa Wawili, Pwani


MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nimekaa kliniki ya watoto miaka 26 kabla sijastaafu, na mama mkwe kama wako nimempokea mlangoni mara nyingi, mtandio begani, mjukuu mgongoni. Bado sijakutana naye akiwa mtu mbaya.

Nianze na alichokiona, maana ndicho kinachoongea ndani ya nyumba yenu. Usiku ule wewe ulipiga kelele, mumeo alikuwa safarini, na mwili wa mtoto ulikakamaa juu ya mapaja ya mama. Mikono yake inakumbuka. Ukimjia sasa na habari za "wataalamu wanasema", atakusikia kama mtu anayemwambia kwamba hakuona alichokiona. Na alifanya vizuri kuliko wengi: alimlaza ubavu, hakumtia kijiko mdomoni, hakumfukizia moshi, kisha akakubali bodaboda usiku. Hayo umewahi kumwambia? Kwenye barua yako sikuona mahali ulipomshukuru kwa usiku ule.

Huo msemo wa degedege na sindano naufahamu, nimeusikia pwani yote hii. Mawazo yangu mimi ni kwamba haukutoka hewani. Zamani mtoto mwenye degedege alitibiwa nyumbani kwanza, kwa moshi na kwa majani, mpaka hali ikawa mbaya, ndipo akafikishwa hospitali. Pale alichomwa sindano, na wengine wakafia palepale. Watu wakakumbuka kitu cha mwisho walichokiona, sindano. Siku tatu za malaria kabla ya hapo hakuna aliyezihesabu.

Na hapo ndipo kalamu yangu iliposimama. Katikati ya barua umeandika, kwa mstari mmoja kana kwamba hauna uzito, kuwa mlirudi nyumbani na dawa mseto. Mwanangu, dawa mseto ni ya malaria. Kama walimpima wakaikuta, basi mtoto wako usiku ule alikuwa na malaria, na malaria ni miongoni mwa vitu vinavyoleta homa kali na degedege kwa watoto wa ukanda wetu. Halafu unasema ilikuwa siku ya tatu au ya nne. Homa ya chanjo ya surua ina kawaida ya kuchelewa: huja kati ya siku ya tano na ya kumi na mbili hivi. Ya siku ya tatu ingekuwa imewahi mno.

Sisemi kwamba sindano haihusiki kabisa. Zaidi ya miaka mitatu imepita, na siku ya tatu ya kukumbuka inaweza kuwa ya saba kwenye karatasi. Chanjo ya surua huweza kuleta degedege kupitia homa yake, na hilo mtumishi wa afya anayekuficha anakukosea. Hutokea kwa mtoto mmoja hivi katika kila 3,000 wanaochanjwa. Degedege ya homa kwa jumla, iwe ya malaria, ya mafua au ya chochote, huwapata watoto wawili mpaka watano katika kila 100 kabla hawajatimiza miaka mitano, na theluthi moja ya hao humrudia. Tena hutembea katika familia, kwa hiyo binti yako yuko karibu nayo kidogo kuliko mtoto wa jirani. Inatisha kuitazama kuliko kitu chochote ninachokijua, lakini ile fupi ya homa kwa kawaida haiachi kovu kwenye ubongo. Ushahidi unao sebuleni, anapanda makochi.

Kwa nini homa ichelewe? Mfikirie fundi cherehani. Chanjo ya surua ni kirusi chenyewe cha surua kilicho hai ila kimedhoofishwa, kinaingia mwilini kama mteja aliyekuja kupimwa. Fundi anachukua vipimo, anakata, anashona, na kazi hiyo inamchukua wiki moja mpaka mbili. Homa ya siku ya saba au ya nane ni kelele ya cherehani inayofanya kazi usiku. Akimaliza, vipimo anaviandika kwenye daftari lake, na siku surua yenyewe ikigonga mlango hapimi tena, anashona haraka kabla ugonjwa haujakaa.

Na ndiyo maana ya miezi tisa. Mama hajakosea kusema kwamba mtoto alikuwa na ulinzi wako, ila ulinzi huo wa surua ulimfikia zaidi akiwa tumboni kuliko kwenye ziwa. Ni nguo za kuazima. Zinachakaa mwezi hadi mwezi, na inapofika miezi tisa watoto wengi wamebaki nazo matambara tu. Ukimchanja mapema mno, nguo za kuazima zinamzuia fundi kuchukua vipimo. Ukichelewa sana, mtoto yuko uchi. Binti yako wa miezi kumi, ziwa lako linamfaa kwa mengi, mnyonyeshe usiache, lakini kwa surua usilitegemee.

Sasa hiyo surua yenyewe, ambayo kwa mama ni jambo la uji na maji ya ukwaju. Ni kweli watoto wengi huipita. Tatizo ni wale wasioipita, na huwezi kuwatambua mapema. Wanaouawa nayo mara nyingi huuawa na nimonia au kuharisha baadaye, vipele vikiwa vimeshaanza kukauka. Wengine huharibika macho, hasa waliopungukiwa vitamini A, ndiyo maana kliniki wanawapa watoto yale matone kila baada ya miezi sita. Kuna na jambo ambalo sisi wauguzi tulilihisi miaka mingi kabla halijaelezwa vizuri: mtoto aliyetoka kwenye surua anaumwaumwa miezi na miezi. Surua inachoma daftari la fundi. Vipimo vya magonjwa mengine alivyokwisha kuandika vinapotea, anaanza upya. Na usisahau kwamba surua nayo ina homa, kali kuliko ya chanjo, kwa hiyo mtoto mwenye asili ya degedege haikwepi degedege kwa kukaa bila chanjo.

Kuhusu kukingwa na watoto wa wenzio: ni kweli jambo hilo lipo, na mtoto wa miezi minne wa jirani, ambaye hajafikia umri, ndilo analolitegemea. Lakini surua haina mwenzake kwa kuambukiza. Mgonjwa akitoka chumbani, hewa aliyoipumua inaweza kuambukiza mpaka saa mbili baadaye. Mahali ambapo hakuna mwenye kinga, mgonjwa mmoja huambukiza 12 mpaka 18. Kuizuia kunataka watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga, na dozi ya miezi tisa peke yake inawashika kama 85 tu, wengi wa waliobaki hushikwa na ile ya miezi 18. Mtaani kwenu wameshaumwa watatu. Ukuta huo una tundu tayari, na tundu lipo nyumba ya pili.

Kabla sijasahau, yule nesi aliyekurudisha Jumatatu najua alikuudhi. Chupa ya chanjo ya surua ni ya watoto kadhaa. Ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa haifiki zaidi ya saa sita, inamwagwa hata ikibaki. Ana chupa za kuhesabu. Lakini siku mbili alizokurudisha nyuma ndizo zilizoifikisha kadi sandukuni, na hilo wenzangu walio kazini walifikirie. Penye wagonjwa mtaani, mwambie nesi waziwazi kwamba surua iko nyumba ya pili. Jambo hilo hubadilisha hesabu ya chupa, na kituo kinapaswa kulijua hata hivyo.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako.

Ya siri inawezekana. Kliniki hawataki saini ya baba wala ya bibi, na kadi mpya utapewa. Lakini fikiria siku ya nane. Wewe umekwenda sokoni, mtoto kachemka, aliye naye ni bibi yake, na hajui kitu. Ataanza kutafuta sababu gizani, na siri itatoka kwa namna mbaya kuliko zote, mtoto akiwa na homa na nyinyi wawili mkitazamana. Na hata homa isipokuja, utaishi na kadi mbili ndani ya nyumba moja. Nawajua waliochagua njia hiyo, wengine haikuwatokea lolote, na siwezi kuwahukumu. Ila yule unayemficha ndiye unayemtegemea kumshika mtoto.

Ya kusubiri mpaka mumeo arudi inaonekana ya heshima, na huenda ndiyo itakayowaweka pamoja. Bei yake ni siku. Chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu tangu mtoto akutane na mgonjwa, bado inaweza kumkinga au kumpunguzia ukali. Lubumbashi ni mbali kwa hesabu hiyo. Lakini mumeo hahitaji kuwepo ili aongee na mama yake. Swali lake, "nani atamshika?", nililiona ni la mtu mwenye hofu, wala hakusema chanjo ni mbaya. Mjibu hilohilo: tutamshika mimi na mama, tukijua ni siku gani za kukaa macho, na pesa ya bodaboda ikiwa tayari chini ya mto. Pengine atapiga simu tofauti na ile ya kwanza.

Ya tatu ni kuongea na mama, na najua ndiyo unayoiogopa. Umeniandikia vishimo vya ndui usoni mwake kama ushahidi wake dhidi yako. Mimi naviona vinginevyo. Watoto wake sita, yupo hata mmoja mwenye vishimo hivyo? Wajukuu je? Mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitali na chanjo aliikwepa, alikuwa anaogopa maumivu ya sindano. Alipona, na baadaye akawa anazunguka kwao kuwahimiza wazazi wachanje watoto polio, akiwasimulia yaliyomkuta yeye, mpaka alipofariki 2013. Mama yako anaweza kuipenda habari hiyo kuliko hotuba yoyote. Ni ya mtu mwenye woga kama wake na makovu kama yake.

Na umeandika, "kazaa tisa, wako sita." Sijui hao watatu waliondoka kwa nini, na pengine hata wewe hujui. Kwa umri wake, wakubwa alianza kuwazaa kabla mpango wa chanjo wa taifa haujaanza mwaka 1975, na vijijini ulichukua muda kufika. Hesabu iliyotolewa 2024, ya miaka 50 ya chanjo duniani, ilisema maisha milioni 154 yameokolewa, na milioni 94 kati ya hayo ni kazi ya chanjo ya surua. Usimpelekee hesabu hiyo. Muulize habari za wanawe watatu, siku mkiwa mnachambua mchele na hakuna anayewaharakisha, na uulize kwa kutaka kujua. Ukiuliza ili umshinde atajua. Na ukikuta jibu halina uhusiano wowote na surua, lipokee hivyohivyo.

Mkiamua kumchanja, mjue wote wawili: akipata homa mpeni panadol ya maji kwa kipimo chake imtulize, ingawa haina uhakika wa kuzuia degedege. Degedege ikizidi dakika tano, ikirudi siku hiyohiyo, mtoto asipozinduka vizuri au akikataa ziwa, ni bodaboda bila kungoja. Na homa yoyote akapimwe malaria, chanjo au si chanjo. Nesi mweleze habari ya kaka yake kabla hajachoma. Degedege ya kaka haimzuii binti kuchanjwa, ila anayechoma anapaswa kujua.

Na huyo kaka mbona umemwacha? Kama mlisimama baada ya usiku ule, basi ya miezi 18 hakupata, naye ndiye anayekaa mkeka mmoja na mgonjwa madrasa.

Jambo la mwisho ni hilo sanduku. Mama angeweza kuichana kadi, au kuitia jikoni. Ameiweka na sanda yake na hati ya shamba, pale anapoweka vitu ambavyo hataki vipotee. Mwombe akufungulie. Itoeni na ya kaka yake, na ile karatasi ya kulazwa kama ipo, mkae mkekani muangalie tarehe ya sindano na tarehe ya degedege, mhesabu pamoja siku zilizopita katikati. Mama ahesabu yeye.